Mbwa wa kazi kutoka makaoni, mtoto wa kununua, au chotara: yupi akufae Nairobi?

Wizi ukiingia mtaani, wiki hiyohiyo utasikia watu watatu wakiulizia German Shepherd. Kundi la WhatsApp la mtaa linajaa picha za watoto wa mbwa wenye masikio yaliyolala. Mmoja anataja bei, mwingine anasema shemeji yake wa Kitengela ana wadogo wa wiki sita. Wachache hukumbuka kwamba KSPCA, makao ya wanyama walioachwa au kuokolewa, iko palepale Lang'ata Road, na kwamba nyuma ya waya zake, na za makao mengine madogo ya pembezoni mwa jiji, hupatikana mbwa wazima wa aina hizohizo zinazotafutwa, wakingoja mtu.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kwa nyumba nyingi za Nairobi zenye ua na geti, mbwa mzima wa makaoni anamshinda mtoto wa kununua. Lakini swali la kwanza si la mbegu. Swali ni nani atabaki na huyo mbwa wewe ukishaondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri kukwepa foleni ya Mombasa Road. Katika nyumba nyingi jibu ni dada wa kazi, au kijana wa shamba, au mama mzee aliyekuja kutoka ushago kutibiwa. Huyo ndiye atakayeishi na mbwa. Wewe utakuwa unamtembelea.

Ninaowalinganisha ni watatu: mbwa mzima aliyeokolewa wa mbegu ya kazi, yaani zile zilizozalishwa kwa kuchunga au kulinda, mtoto wa mbegu hiyohiyo kutoka kwa mfugaji, na chotara wa kienyeji kutoka makao yaleyale, yule tunayemwita koko kwa dharau asiyostahili.

Muda wa kungoja ulinzi

Hapa ndipo mtoto wa kununua anaposhindwa vibaya, na wauzaji hawalitaji. German Shepherd huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili kukomaa mwili na akili. Kabla ya hapo ana sauti, ana meno ya kutafuna viatu, lakini moyo wa ulinzi bado haujakaa. Ukimnunua leo kwa sababu jirani amevunjiwa, unanunua ulinzi wa mwaka kesho kutwa. Mwizi haendi likizo ya miezi kumi na minane.

Mbwa wa makaoni wa miaka mitatu au minne ameshamaliza kukua. Urefu wake unauona, sauti yake unaisikia, na namna anavyomtazama mtu mgeni iko wazi mbele yako. Mtoto wa wiki nane ni ahadi. Anaweza kuwa jasiri au mwoga, na mwoga mwenye kilo thelathini na tano ndiye mbwa anayeuma watu ovyo.

Watu hujibu kwamba mtoto utamlea upendavyo. Ni kweli, kwa sharti uwepo. Dirisha la mbwa kuizoea dunia hufunguka akiwa na wiki tatu hivi na kuanza kufungwa karibu na wiki ya kumi na nne. Katika muda huo anapaswa kuona bodaboda, lori la maji, mtu mwenye mwavuli, watoto wa shule wakipiga kelele, mama mboga akiita getini. Na muda huohuo chanjo zake hazijakamilika: ya parvo, ugonjwa wa kuharisha damu unaoua watoto wa mbwa, hurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka afike wiki ya kumi na sita. Mwenye nafasi humbeba mikononi akamwonyesha barabara bila kumshusha chini. Asiye na nafasi humfungia nyuma ya nyumba, na baada ya mwaka anashangaa mbona mbwa anatetemeka akisikia pikipiki.

Na kuna la parvo lenyewe. Kirusi chake hukaa udongoni miezi mingi, pengine mwaka mzima, na sabuni ya kawaida haikiui. Jiki iliyochanganywa na maji hukiua kwenye saruji, lakini huwezi kuosha nyasi na jiki. Kama ua wako uliwahi kufiwa na mtoto wa mbwa aliyeharisha damu, au unahamia nyumba ya kupanga usiyojua historia yake, kuleta mtoto asiyekamilisha chanjo ni kucheza kamari. Mbwa mzima aliyechanjwa sawasawa ataingia ua huohuo salama.

Ukiamua kununua hata hivyo, muone mama wa watoto kwa macho yako, mahali walipozaliwa, si kwenye maegesho ya duka. Mfugaji wa kweli anayedai mbegu safi atakuonyesha karatasi za East Africa Kennel Club bila kujing'atang'ata. Kadi ya chanjo iwe na stika iliyobanduliwa kwenye chupa ya dawa, tarehe, na muhuri wa daktari wa mifugo. Kadi iliyojazwa kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, siku moja, irudishe na uondoke.

Kwa nini yuko makaoni?

Kila anayefikiria mbwa wa kuokolewa huuliza hili, na mara nyingi huuliza kwa wasiwasi, kana kwamba mbwa kafungwa kwa kosa. Sababu nyingi ni za binadamu. Mfanyakazi wa ubalozi amemaliza mkataba na ndege haikupatikana. Familia imetoka nyumba ya ua Rongai ikahamia fleti Kileleshwa ambako msimamizi hataki mbwa. Mzee amefariki na watoto wako ng'ambo. Mbwa wa namna hii ni bahati ya mtende: amewahi kuishi na watu na anajua nyumba ni nini.

Sababu ya pili ni "alikua mkubwa." Maana yake hakuna aliyemfundisha kutembea na kamba, akawa anamkokota kila mtu. Hii inarekebishika, hata kwa mbwa wa miaka mitano.

Ya tatu inahitaji uketi na kuuliza zaidi: "amekuwa mkali." Mkali kwa nani? Alimuuma nani, wapi, akiwa anakula au akiwa amefungwa? Jeraha lilihitaji hospitali? Nairobi tuna mtindo wa kumfungia mbwa kibandani mchana kutwa na kumfungulia usiku, tukiamini giza na upweke humfanya mkali. Humfanya kuwa na hofu na hasira ya mambo yote, akiwemo mtoto wako akirudi usiku kutoka kesha. Mbwa aliyeishi hivyo miaka mitatu anaweza kupona, lakini si kwa mtu anayefuga kwa mara ya kwanza.

Ya nne ni mbwa waliostaafu kampuni za ulinzi. Wamezoea zamu, wamezoea mshikaji mmoja, na wengine wamefunzwa kushambulia kwa neno. Uliza maneno yenyewe na lugha yake. Ni hatari kuwa na silaha ndani ya nyumba ambayo mtoto anaweza kuifyatua kwa bahati mbaya.

Halafu usimhukumu mbwa nyuma ya waya. Mbwa wa kazi akifungiwa hubweka, huzunguka, huruka ukutani, na huyohuyo akitolewa nje kwa kamba anatulia dakika tano baadaye. Kinachokuambia mengi ni muda anaochukua kurudi katika hali yake baada ya kushtuka. Angusha funguo nyuma yake. Mzuri ataruka, atageuka, atazinusa, basi. Anayeendelea kutweta na kukodoa macho kwa dakika kadhaa atapata taabu na maisha ya mtaa wako. Nenda zaidi ya mara moja, asubuhi na jioni, na umwone akila ukiwa umesimama hatua chache kando.

Mbegu moja moja

German Shepherd ndiye anayejulikana zaidi, na kwa mtu wa kawaida ndiye ningemwangalia kwanza. Mbegu yake iliandikishwa Ujerumani mwaka 1899 na Max von Stephanitz, kwa kazi ya kuchunga kondoo. Ndiyo maana hupenda kuzunguka ua na kuhesabu watu wa nyumba: kwake mnakuwa kundi. Dume huwa na kilo 30 hadi 40, jike 22 hadi 32. Ukiniuliza chaguo moja, nitakwambia jike wa miaka mitatu hadi sita aliyewahi kuishi nyumbani. Wepesi wa kilo peke yake ni msaada mkubwa kwa dada atakayemshika.

Malinois wa Ubelgiji anafanana naye kwa mbali, ni mwembamba zaidi, na tangu watu waone video za makomando amekuwa fasheni. Ni mbwa wa ajabu kazini; vikosi vya polisi na vya kulinda wanyamapori humtumia duniani kote. Nyumbani kwa mtu wa ofisi ni msiba. Haridhiki na matembezi. Anataka kazi, kila siku, yenye kufikiri ndani yake, na akiikosa anajitungia: anakimbiza kivuli, anajitafuna mkia, anaruka ukuta wa futi sita. Ukimkuta makaoni, mara nyingi kafika hapo kwa sababu hiyohiyo, na nyumba yenye mazoea yaleyale itamrudisha.

Rottweiler ni mzito, dume hufikia kilo hamsini, mtulivu zaidi ya sifa zake, na hupenda kuegemea watu wake. Tatizo lake hapa ni kwamba hatoi onyo kwa kelele nyingi kama Shepherd. Wageni huja kugundua wamechelewa. Umri wake ni mfupi pia, miaka minane hadi kumi kwa kawaida, kwa hiyo wa miaka sita makaoni mchukue ukijua hesabu.

Boerboel wa Afrika Kusini nampitia haraka: kama hujawahi kufuga mbwa mkubwa, mwache. Anaweza kumzidi uzito mtu atakayemshika.

Na chotara? Huyu ndiye asiyepewa nafasi. Kilo kumi na tano hadi ishirini na tano, masikio mawili ya kila aina, damu ya Shepherd mahali fulani kwa babu. Anabweka mtu akigusa geti, na kubweka ndiko ulinzi wenyewe kwa nyumba nyingi, kwa kuwa mwizi anatafuta nyumba iliyo kimya. Anakula karibu nusu ya chakula cha mkubwa. Nyonga hazimsumbui sana kama wale wakubwa. Dada wa kazi hamwogopi. Kisichopatikana kwake ni heshima ya wapita njia, na nadhani watu wengi wanaosema wanataka ulinzi wanataka hiyo.

Pesa na afya

Bei ya kupata mbwa ndiyo ndogo kuliko zote, ingawa ndiyo inayozungumzwa. Mtoto mwenye karatasi huenda makumi ya maelfu ya shilingi. Makao huomba mchango ulio chini zaidi, na makao yenye utaratibu hukupa mbwa aliyechanjwa, aliyepewa dawa ya minyoo, na aliyehasiwa au kufungwa kizazi. Hilo la mwisho lina thamani kubwa. Jike asiyefungwa akiingia joto, madume wote wa mtaa watalala getini kwako.

Chakula ndicho kinachokwenda mwezi kwa mwezi. Shepherd wa kilo 35 anahitaji takriban gramu 400 hadi 500 za chakula kikavu kwa siku, yaani kilo 12 hadi 15 kwa mwezi. Wengi tunapika: ugali na omena, matumbo, mapafu kutoka buchari. Ni sawa ikiwa nyama si ya kupakia rangi tu, kwa maana ugali mtupu hushibisha bila kujenga. Vitunguu viache, na mifupa iliyopikwa usimpe. Hupasuka ikawa sindano. Mgawie mara mbili kwa siku, usimpe sahani moja kubwa ya usiku. Mbwa wenye kifua kirefu kama hawa wanaweza kuvimba tumbo kwa gesi na tumbo likajisokota. Ukimwona anataka kutapika bila kutoa kitu na tumbo limekaza, ni kukimbia kwa daktari saa hiyohiyo, si kungoja asubuhi.

Kwa mbwa wa makaoni omba vipimo viwili kabla ya vingine vyote. Cha kwanza ni damu kwa magonjwa ya kupe, erlikia na babesia, ambayo yapo tele hapa Nairobi na yanaweza kujificha ndani ya mbwa anayeonekana mzima. Cha pili kinahusu Shepherd waliokonda. Kukonda hudhaniwa ni njaa ya zamani, lakini mbegu hii ina ugonjwa wa kongosho kushindwa kutoa vimeng'enya: mbwa anakula kama mchwa, anakonda, na kinyesi ni kingi, laini na cha rangi ya kufifia. Kuna kipimo cha damu cha kuujua, na dawa ipo, ila ni ya maisha na si rahisi. Heri ujue kabla.

Nyonga zitazame kwa macho. Mtazame akiinuka kutoka chini, akigeuka upesi, akipanda ngazi. Anayeinuka kwa kujivuta kwa miguu ya mbele, au anayerukaruka kwa miguu miwili ya nyuma kama sungura, apigwe picha ya eksirei. Halafu fikiria nyumba yako: maisoneti nyingi za jiji ni vigae vinavyoteleza toka sebuleni hadi jikoni. Mikeka michache ya mpira ni dawa ya bei nafuu.

Mbwa aliyeokotwa mtaani, wa mbegu au chotara, akaguliwe sehemu za siri. Kuna uvimbe wa saratani unaoambukizwa kwa kujamiiana, wa kawaida kwa mbwa wanaozurura. Hutibika vizuri kwa sindano za kila wiki, kwa hiyo usikufanye umkatae, ila uingize kwenye bajeti.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ni ya kila mwaka, kwa wote watatu, pamoja na leseni ya kaunti. Kenya imejiwekea shabaha ya kumaliza vifo vya watu kwa kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na karibu maambukizi yote kwa binadamu hutoka kwa mbwa.

Nani atashika kamba

Nimesema hili ndilo kubwa. Dada wa kazi hakuulizwa aliponunuliwa mtoto wa mbwa, na hakuulizwa mbwa alipokua. Wengi wamekulia mahali ambapo mbwa ni wa kukimbiza ngedere shambani, na wengine wana kovu mguuni. Mpeleke makaoni pamoja nawe. Mwache amshike mbwa kwa kamba dakika ishirini wewe ukiwa mbali. Ukiona mkono wake umelegea na mbwa amempunguzia mwendo, umepata. Ukiona amejikunja ukutani, mbwa huyo si wenu, hata awe mzuri namna gani. Na kazi ya kumtunza mbwa iongezwe kwenye mshahara. Hilo halikuwa kwenye mapatano.

Kama dada ni Mwislamu, zungumzeni waziwazi. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi pwani na hapa jijini, mate ya mbwa ni najisi na chombo kilichorambwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini mbwa wa ulinzi ameruhusiwa. Wengi hawana shida na mbwa kuwepo uani, shida ni kulazimishwa kuosha bakuli lake. Jambo hilihili huwahusu majirani Waislamu wa South C mnaogawana nao korido.

Kama nyumba ni tupu mchana kutwa, watatu wote waondoe kwenye orodha. Soja mzuri na ukuta wenye taa ni nafuu kuliko mbwa aliyechanganyikiwa kwa upweke.

Siku za kwanza

Wazoefu huzungumza juu ya siku tatu, wiki tatu, miezi mitatu: siku tatu za kushtuka, wiki tatu za kujua ratiba, miezi mitatu ya kukubali kwamba hapa ni kwao. Mtoto wa kununua hapitii hatua hizi kwa uzito huohuo, na hapo anajipatia alama. Mbwa wa makaoni atembee na kamba hata ndani ya ua kwa wiki ya kwanza, kwa maana geti hufunguliwa mara nyingi kuliko unavyofikiri: gesi, maji, msomaji wa mita, wabeba taka. Wageni wachache. Watoto wamwache akila na akilala. Kubweka kidogo siku za mwanzo kusikudanganye kwamba umeletewa mbwa bubu. Wengi huanza kulinda wiki ya nne au ya tano, wakishajua nini ni cha nyumba na nini si cha nyumba. Baada ya hapo Jumapili za msitu wa Karura, ambako mbwa huruhusiwa wakiwa kwenye kamba, zitamfaa kuliko bango jipya la Mbwa Kali. Bango hilo, kwa njia, halikuondolei lawama akimuuma mtu.

Ningemchukua nani

Nyumba yenye ua, mtu mzima anayeshinda nyumbani asiyeogopa mbwa, na mwingine mwenye saa moja ya jioni: Shepherd jike mzima wa makaoni, bila kusita. Nyumba yenye mtoto anayetambaa, au dada aliyekataa kushika kamba ya mbwa mkubwa akakubali ya mdogo: chotara. Mtoto wa kununua namwona anafaa kwa mtu mmoja tu, anayefanya kazi akiwa nyumbani, aliyewahi kulea mbwa, na asiyehitaji ulinzi kabla ya miaka miwili.

Kabla hujatia sahihi, uliza makao kama watampokea mbwa tena mambo yasipokwenda, na ndani ya muda gani. Yenye utaratibu hutaka arudishwe kwao, na huandika hivyo kwenye karatasi. Muulize na mfugaji swali hilohilo, usikie atajibu nini.